Muziki wa Afrika Magharibi Ulipoingia Nyumbani Kwetu

Kila Jumamosi saa kumi alasiri kikundi chetu cha kuweka na kukopa hukutana kibarazani kwa mwenyekiti wetu hapa Nyakato, si mbali na stendi ya Buzuruga. Tuko akina mama kumi na wanne. Wapo wauza dagaa, wapo washonaji, yupo muuguzi, yupo mwalimu mstaafu, na wengine wetu tunashinda nyumbani na watoto. Tukishahesabu hisa na kulifunga sanduku, hupitishwa chai, na hapo ndipo mazungumzo yenyewe huanza.

Jumamosi moja mwenzetu anayeuza dagaa Mwaloni alichelewa kufika. Alipoketi tulimwona macho mekundu. Mwanawe wa mwisho, aliye kidato cha tatu, alikuwa hajamsemesha kwa siku nne. Chanzo kilikuwa simu. Tangu baba yao afariki dunia mwaka uliotangulia, kijana yule alikuwa akirudi shule anajifungia chumbani, waya za simu masikioni, akisikiliza nyimbo za lugha asiyoijua mama yake, mpaka usiku. Mama aliona mtoto anapotea. Basi usiku mmoja akainyakua simu, akaificha ndani ya ndoo ya unga.

"Sasa semeni," alituambia. "Nimemwokoa au nimempoteza?"

Kila mmoja wetu alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema simu hiyo iuzwe. Mwingine alisema nyimbo hizo ni za kidunia, zinaharibu vijana. Wa tatu alisema arudishiwe, vijana ndivyo walivyo siku hizi. Mwalimu wetu mstaafu alituacha tuseme mpaka tukachoka, kisha akauliza swali moja tu: "Anasikiliza nini?"

Mama yule akajibu, "Ni za Wanaijeria tu."

"Zinasemaje?"

Tukatazamana. Wote tulikuwa na watoto wanaosikiliza nyimbo hizo hizo. Tulikuwa tumezilaani, tumezivumilia, au tumezicheza harusini, lakini hakuna aliyeweza kutaja wimbo mmoja, aliyeuimba, na unachosema. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Siku ile tukakubaliana kwamba kila Jumamosi mmoja wetu ataleta wimbo mmoja kutoka Afrika Magharibi, akiwa ameuliza kwanza nyumbani kwake unahusu nini. Mengine yaliyofuata ndiyo tunayotaka kuwashirikisha, akina mama wenzetu.

Nyimbo za baba

Mwenzetu muuza dagaa alirudi nyumbani, akaitoa simu kwenye unga, akaifuta kwa kanga, akampelekea mwanawe. Hakumwomba msamaha wala hakumkaripia. Alimwambia, "Niwekee mmoja na mimi nisikie."

Kijana akamwekea wimbo wa Flavour, mwimbaji wa Nijeria kutoka upande wa Enugu. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza kwa nini anaupenda. Kijana akajibu, "Baba alikuwa anauweka kwenye gari."

Marehemu alikuwa dereva wa daladala. Siku za likizo alikuwa akimchukua mwanawe, wakishinda wote barabarani. Mama hakuwa amejua hata siku moja nyimbo gani zilipigwa ndani ya gari lile. Kumbe miezi yote ile alipodhani mtoto anakimbia nyumbani, mtoto alikuwa akimlilia baba yake kwa namna aliyoijua yeye.

Alipotusimulia habari hiyo Jumamosi iliyofuata, hakuna aliyecheka tena kuhusu "za Wanaijeria". Tukaulizana kuhusu huyo Flavour. Vijana wetu walitueleza kwamba alianza utotoni kwa kupiga ngoma kanisani, kwamba anaimba hasa kwa Kiigbo, na kwamba mwaka 2015 aliimba na Diamond Platnumz wetu wimbo uitwao "Nana". Mwaka 2017 alimshirikisha kijana asiyeona kutoka Liberia, Semah Weifur, katika wimbo wa kumsifu Mungu uitwao "Most High". Muziki anaoupiga una asili katika mtindo wa zamani uitwao highlife, ambao ulizaliwa Ghana, enzi hizo ikiitwa Gold Coast. Jina hilo maana yake ni maisha ya juu. Inasimuliwa kwamba lilitoka kwa watu maskini waliosimama nje ya kumbi, wasioweza kulipa kiingilio, wakisikiliza ala za shaba na magitaa ya waliokuwa ndani.

Wimbo tuliokuwa tukiujua bila kujua

Wimbo wa pili uliletwa na mzee wetu kuliko wote, bibi mwenye wajukuu tisa. Alisema yeye hahitaji simu ya mtu. Akaimba mwenyewe, bila maneno, kwa sauti ya puani. Nusu ya kibaraza ikaitikia. Ulikuwa ni "Sweet Mother", Mama Mpenzi, wa Prince Nico Mbarga na bendi yake ya Rocafil Jazz.

Sisi tuliokua na redio ya betri juu ya kabati tulikuwa tumeusikia wimbo huo tangu utoto, na wengine tulidhani ni wa Kikongo. Kumbe mwimbaji alizaliwa Nijeria mwaka 1950, mama yake Mnijeria na baba yake Mkameruni. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoikumba Nijeria kuanzia mwaka 1967, alikimbilia Kameruni, na huko ndiko alikojifunza ala. Aliporudi, aliimba kwa kile Kiingereza cha mitaani cha Afrika Magharibi ambacho muuza soko na mwanafunzi wote wanakielewa. Kampuni kubwa ya kurekodi iliukataa wimbo wake ikiuona ni wa kitoto. Mwaka 1976 kampuni ya mjini Onitsha, Rogers All Stars, ikautoa. Hutajwa kwamba nakala zaidi ya milioni 13 ziliuzwa, na mwaka 2004 wasikilizaji na wasomaji wa BBC waliuchagua kuwa wimbo unaopendwa kuliko zote Afrika. Mbarga mwenyewe alifariki mwaka 1997 kwa ajali ya pikipiki.

Na kile kilichotufanya tudhani ni wa Kikongo hakikuwa kosa la masikio yetu. Gitaa la wimbo ule ni la mtindo wa Kongo kweli, alilolipata huko Kameruni. Gitaa hilo hilo ndilo lililokuja huku kwetu. Wanamuziki wa Orchestra Maquis du Zaire walihamia Dar es Salaam miaka ya 1970, na Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alifuata mwaka 1978. Huyu Remmy aliyeimba kilio cha wanyonge, katika miaka yake ya mwisho alimgeukia Mungu na kuimba injili, hadi alipofariki mwaka 2010. Basi gitaa moja lilitoka Kongo, tawi moja likaenda magharibi na jingine likaja mashariki, na siku ile yakakutana kibarazani Nyakato.

Bibi yetu alipomaliza kuimba tulimuuliza wimbo unasema nini. Akasema hajawahi kuyajua maneno yake. Mjukuu wake ndiye aliyemfasiria usiku wa kuamkia siku ile: ni mtoto aliyekwisha kukua, anamshukuru mama kwa taabu alizopata kumlea. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Miaka yote hiyo nimekuwa nikishukuriwa, nami sikujua."

Nyumba ya mchungaji huko Abeokuta

Jumamosi ya tatu ilikuwa zamu ya mwalimu mstaafu. Alituletea Fela Kuti, na kwa kweli hapo kulikuwa na mabishano.

Fela ndiye baba wa Afrobeat. Alizaliwa mwaka 1938 mjini Abeokuta, kusini magharibi mwa Nijeria. Alichanganya highlife, jazi, ngoma za Kiyoruba na muziki wa Wamarekani weusi aliousikia vizuri zaidi alipokwenda Marekani mwaka 1969. Wimbo wake mmoja unaweza kuchukua robo saa na zaidi: ngoma zinaanza, gitaa linajibu, mabati ya shaba yanaingia, na mwimbaji mwenyewe huchelewa kufungua kinywa. Mpiga ngoma wake, Tony Allen, aliyefariki Paris mwaka 2020, alikuwa akizichapa kwa mikono miwili na miguu miwili kana kwamba ni watu wanne tofauti. Maneno ya nyimbo yaliwashambulia watawala wa kijeshi na wala rushwa, naye alifungwa na kupigwa mara nyingi.

"Lakini si ndiye aliyeoa wanawake 27 kwa siku moja?" akauliza muuguzi wetu. Ndiye. Ilikuwa mwaka 1978. Alivuta bangi hadharani, na katika wimbo wake "Lady" wa mwaka 1972 aliwabeza wanawake wanaotaka kuwa sawa na wanaume. Mwalimu hakuficha lolote. Alitaka tuone nyumba Fela alimotoka.

Babu yake, Josiah Ransome-Kuti, alikuwa kasisi wa Kianglikana aliyetunga tenzi kwa Kiyoruba, na miaka ya 1920 aliziimba katika santuri zilizorekodiwa London. Baba yake alikuwa kasisi na mkuu wa shule. Mama yake, Funmilayo, aliyezaliwa mwaka 1900, alianzisha kikundi cha wanawake waliosoma. Kisha akagundua kwamba wenzake wauza soko hawajui kusoma. Akaanza kuwafundisha, na kikundi kikageuka kuwa Umoja wa Wanawake wa Abeokuta. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwatoza wanawake kodi kupitia kwa mfalme wa mji, Alake. Kuanzia mwaka 1947 maelfu ya wanawake waliizingira nyumba ya mfalme, wakaimba nyimbo walizotunga wenyewe. Januari 1949 mfalme aliondoka katika kiti chake kwa muda, na kodi ya wanawake ikasimamishwa.

Hebu fikirini, akina mama: wauza soko, kama wale wa Mwaloni na Igoma, wamesimama mbele ya mfalme, silaha yao ni wimbo.

Mwaka 1977 askari waliivamia nyumba ya Fela mjini Lagos. Mama yake, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, alitupwa nje kupitia dirishani, na mwaka uliofuata akafariki. Fela mwenyewe alifariki Agosti 1997. Kaka yake, Profesa Olikoye Ransome-Kuti, daktari wa watoto aliyekuwa Waziri wa Afya na kupigania chanjo za watoto, aliwaita waandishi wa habari akasema waziwazi kwamba ndugu yake amekufa kwa ukimwi.

Kibaraza kilikuwa kimya. Sisi tunaoishi kando ya ziwa hili tunakumbuka miaka ya 1980 na 1990. Tunakumbuka mazishi ya kila juma, na namna watu walivyosema marehemu amerogwa, au ana kifua, au hawakusema kitu. Muuguzi wetu, ambaye ndiye aliyekuwa mkali zaidi kwa Fela, alisema, "Mama yule alizaa mtoto aliyetushinda na mtoto aliyesema kweli. Wote ni wa tumbo moja." Hatukuafikiana kuhusu Fela siku hiyo, na hadi leo wapo wenzetu wasiotaka apigwe nyumbani kwao. Lakini sasa wanajua ni kwa nini.

Msichana aliyeimba kumsaidia mama

Mshonaji wetu alituletea Oumou Sangaré wa Mali. Huyu alizaliwa Bamako mwaka 1968. Alipokuwa mdogo sana baba yake aliondoka na mke mwingine, akamwacha mama na watoto. Oumou akaanza kuimba katika harusi na sherehe za mitaani ili kusaidia nyumbani. Mwaka 1989 alirekodi kaseti yake ya kwanza, Moussolou, maana yake Wanawake. Kaseti hizo ziliuzwa kwa maelfu mengi Afrika Magharibi. Humo na katika nyimbo zilizofuata aliimba juu ya ndoa za kulazimishwa na machungu ya mitala, mambo ambayo wanawake walizoea kuyasema jikoni tu.

Mshonaji alisema hajui Kibambara, lakini alipousikia wimbo mara ya kwanza, mkono ulisimama juu ya cherehani. Wengine wetu tumelelewa katika nyumba za wake wawili na watatu. Hatukuhitaji kufasiriwa sana.

"S" moja inayotofautisha

Watoto wetu walipoona mama zao wanauliza, walianza kuja wenyewe kibarazani. Wao ndio waliotusahihisha kwamba Afrobeat ya Fela si sawa na Afrobeats yenye "s" mwishoni. Hii ya pili ni jina la jumla la muziki wa vijana wa Nijeria na Ghana tangu miaka ya 2000: nyimbo fupi, za kucheza, zinazotengenezwa kwa kompyuta. Nyingi ni za mapenzi na fedha. Zipo ambazo hatukutaka ziendelee, tukazizima, tukawaeleza watoto sababu. Nao wakatuuliza mbona za taarabu na za rumba zenye maneno yale yale tunaziacha. Hapo hatukuwa na jibu zuri.

Lakini walitufundisha mengi. Burna Boy, aliyepata tuzo ya Grammy mwaka 2021, husimamiwa kazi zake na mama yake mzazi, Bose Ogulu, mwanamke msomi wa lugha. Na babu yake mzaa mama, Benson Idonije, ndiye aliyekuwa meneja wa kwanza wa Fela. Yemi Alade alirudia wimbo wake "Na Gode" kwa Kiswahili. Jina hilo ni la Kihausa, maana yake asante. Sisi huku tungesema wabeja. Angélique Kidjo wa Benin aliimba "Malaika", wimbo wetu ambao Fadhili William wa Kenya aliurekodi miaka ya 1960, katika albamu yake Logozo ya mwaka 1991. Mwaka 2014 alitoa albamu nyingine, Eve, kwa heshima ya wanawake wa Afrika na ya mama yake, Yvonne, na humo aliimba pamoja na akina mama wa kijijini nchini Kenya.

Mwenzetu mmoja bado alikuwa na mashaka kuhusu ngoma. Alisema tangu utoto aliambiwa ngoma na kanisa haviendi pamoja. Bibi yetu alimkumbusha Bujora, hapo Kisesa, kwenye barabara hii hii ya Musoma. Padre David Clement kutoka Kanada, aliyefika huko miaka ya 1950, alizipokea ngoma na nyimbo za Kisukuma katika ibada, na kanisa lake lilijengwa kwa umbo la duara kama nyumba za Wasukuma. Kila Juni, katika sikukuu ya Bulabo, Wagika na Wagalu bado hushindana kwa ngoma mbele ya umati. Ngoma haina dhambi yake yenyewe. Jambo ni anayeipiga anaitia nini.

Wimbo tuliouimba bila kumjua mwimbaji

Tunafika sasa kwenye Jumamosi ambayo hatutaisahau. Mmoja wetu, anayeongoza kwaya, alileta nyimbo mbili za injili ambazo sote tumeziimba kanisani. Ya kwanza ni "Way Maker" ya Sinach wa Nijeria, aliyoitoa mwaka 2015, na ambayo imefasiriwa kwa lugha nyingi duniani. Tuliiimba pamoja kibarazani mpaka majirani wakachungulia.

Ya pili ni "Ekwueme", ya mwaka 2017, ya Prospa Ochimana akiwa na Osinachi Nwachukwu. Jina hilo ni la Kiigbo, maana yake ni Yeye asemaye na kutenda. Sauti ile ya mwanamke, inayopanda mpaka unahisi paa litafunguka, ni ya Osinachi. Wengi wetu tumeifulia nguo na kuipikia ugali.

Kiongozi wetu wa kwaya hakujua zaidi ya hapo mpaka bintiye alipomweleza. Osinachi alifariki mjini Abuja Aprili 8, 2022, akiacha watoto wanne. Mwanzoni ilisemwa ni maradhi. Ndugu zake wakasema alikuwa akipigwa na mumewe kwa miaka mingi. Mume alikamatwa na kushitakiwa, na watoto wao walikuwa miongoni mwa mashahidi. Aprili 2025 Mahakama Kuu mjini Abuja ilimtia hatiani na kumhukumu kifo.

Mwanamke aliyetuimbia kwamba Mungu ni mwenye kutimiza alikuwa akirudi nyumbani kuvumilia kipigo, na wengi walioinua mikono yao akiimba hawakujua. Tuliketi muda mrefu. Chai ilipoa. Kisha mwenzetu mmoja, ambaye kwa miaka sita tumeketi naye kila juma, aliweka kikombe chini akasema, "Na mimi."

Hatutaandika aliyoyasema, kwa kuwa ni yake. Tunachoweza kusema ni kwamba hakurudi nyumbani peke yake jioni ile. Wawili wetu walilala kwake, na Jumatatu watatu walimsindikiza hadi Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na baadaye kwa ofisa ustawi wa jamii. Mambo yake hayajaisha. Wapo ndugu wa mume waliotulaumu, wakisema kikundi cha hisa kimegeuka cha kuvunja nyumba za watu. Tuliwajibu kwa upole kwamba ndoa ni agano takatifu, na kwamba kipigo si sehemu ya agano hilo. Ni sisi wenyewe tuliojiuliza kwa uchungu zaidi: miaka sita, tukihesabu fedha zake kila Jumamosi, tuliwezaje kutoyahesabu machozi yake?

Unaweza kuanzaje?

Akina mama kadhaa wa mitaa jirani wametuuliza jinsi ya kufanya hivi majumbani mwao. Hatuna utaalamu, ila haya tumeyaona yakisaidia:

1. Omba kusikia kabla hujakataza. Mwambie mtoto akuchagulie wimbo mmoja anaoupenda, usikilize mpaka mwisho bila kutoa hukumu katikati.

2. Uliza mambo matatu: nani ameimba, ni wa wapi, na wimbo unasema nini. Mtoto asipojua, tafuteni pamoja. Kijana anayelazimika kumfasiria mama yake maneno ya wimbo hugundua mwenyewe yasiyofaa kufasiriwa.

3. Nawe mpe wako. Mwimbie wimbo uliokulea, wa redio, wa kwaya, au wa bibi yako. Mtoto asidhani muziki ulianza alipozaliwa.

4. Ukizima wimbo, toa sababu. Na sababu hiyo iwe ile ile kwa nyimbo zako na za kwake.

5. Tumia fedha kwa kiasi. Bando moja la juma linatosha watu wengi wakisikiliza kwa spika moja, na kusikiliza pamoja ndilo jambo lenyewe.

6. Wimbo ukimliza mtu, usimharakishe anyamaze. Huenda una neno ambalo amekosa namna nyingine ya kulisema.

Na yule mwenzetu wa dagaa? Bado anaamka saa kumi alfajiri kwenda Mwaloni. Mwanawe sasa yuko kidato cha nne, na alama za hesabu hazijapanda kama mama alivyotarajia. Wanagombana kuhusu kuosha vyombo kama nyumba nyingine zote. Lakini Jumapili mchana, wakitoka kanisani, mama huweka simu juu ya meza na kumwambia kijana, "Weka za baba." Zikipigwa, mmoja wao husimulia jambo kuhusu marehemu ambalo mwingine halijui. Anasema bado hawajafika mwisho wa kusimuliana.

Mama msomaji, huenda na kwako yupo anayejifungia chumbani na waya masikioni. Leo jioni, kabla ya chakula, bisha hodi mlangoni, ukamwulize anasikiliza nini.